Msafiri wa Peke Yake

Msomaji, ukitoka Kedowa ukateremka hadi Nakuru, umeingia katika Bonde la Ufa, alilolipita J. W. Gregory mwaka 1893 hata akaandika kitabu chake, The Great Rift Valley, kilichotolewa mwaka 1896. Ubora wa kazi yake haukanushiki: alitambua kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto, bali nchi ilididimia baina ya nyufa. Lakini lipime neno moja. Huhesabiwa kuwa alisafiri peke yake, maana hakuwa na Mzungu mwenziwe. Kumbe wapagazi wapatao 40 walifuatana naye, wakichukua mahema na vyakula. Basi usomapo habari za safari yoyote, usimtazame mwenye kalamu tu. Uulize pia mizigo ilichukuliwa na nani.