Mpe jembe, lakini shamba ni la nani?

Katika kitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ndoa, mazishi, majina ya watoto na mashauri ya ekyaghanda. Leo tunaomba ruhusa tuandike juu ya jambo ambalo wengi wanafikiri ni la shule tu, si la mila: siasa na mali. Tutaonyesha ya kwamba ni jambo la mila pia, tena ni la kila siku.

Sisi tunafundisha historia na elimu ya uraia katika shule ya sekondari, huku kwetu Lubero. Kila mwaka tunafika kwenye somo lile lile. Tunachora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto tunaandika sosialismu: mali ni ya wote, Leta ndiyo inapanga. Upande wa kuume tunaandika kapitalismu: mali ni ya mtu, soko ndilo linapanga. Wanafunzi wanakopia, wanashika kwa kichwa, wanajibu mtihani, basi imekwisha. Ndivyo na sisi tulivyofundishwa kwenye chuo cha walimu, na vitabu vyote vilikuwa vya Kifaransa.

Mwaka mmoja mwanafunzi alinyoosha mkono. Akasema: «Mwalimu, baba anatoaka mbuzi kwa shefu wa udongo kila mwaka. Sasa bwana mwingine amekuja na karatasi ya Leta, anasema ile shamba iko yake. Sisi tuko upande gani wa ubao?» Kalasi nzima ikacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumeanza kusikiliza vizuri namna watu wetu wanavyosema juu ya mambo haya, na tumeona makosa mawili. Yote mawili yanatusifu, ndiyo maana ni vigumu kuyaacha.

Kosa la kwanza ni kusema ya kwamba wazee wetu walikuwa wasosialisti hata mbele ya Wazungu. Watu wanataja likirimba: leo tunalima kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa mjane. Fikira hii si ya Wayira peke yao. Mwaka 1962 Julius Nyerere wa Tanganyika aliandika insha juu ya ujamaa, akasema ya kwamba msingi wake ni jamaa ya Kiafrika, ambamo kila mtu alifanya kazi na hakuna aliyenyonya mwenzake. Alitumia methali tunayoijua sisi sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni maneno mazuri. Tunamheshimu Mwalimu, maana hakutumia utawala kwa kujitajirisha, na katika nchi yake watu wengi sana walijifunza kusoma na kuandika.

Lakini mtu wa kilima cha Lubero akisikia methali ile, anauliza mara moja: jembe sawa, lakini shamba ni la nani? Kwetu udongo haukukaa wazi kama hewa. Ulikuwa na wenyewe. Chini ya mwami kuna mashefu wa udongo, na mtu anayetaka kulima anaenda kuomba kwao. Akipewa, anatoa muhako, mara nyingi mbuzi, ao sehemu ya mavuno. Muhako ule unasema mambo mawili pamoja: kwanza, mimi ninakubali ya kwamba udongo si wangu, pili, wewe unakubali ya kwamba mimi na watoto wangu tuko na haki ya kubaki. Anayeacha kuutoa anaweza kufukuzwa. Kuna anayeomba na kuna anayeombwa, na mkono mtupu haulambwi. Je, huo ni usawa? Na mama anayelima tangu asubuhi mpaka jua kuzama, ni mara ngapi mila imempa urithi wa lile shamba? Tusijidanganye. Likirimba ilikuwa msaada mkubwa kati ya majirani, lakini haikugawanya udongo.

Kosa la pili ni la upande mwingine wa ubao. Linasema ya kwamba Munande ni kapitalisti wa kuzaliwa. Hapa watu wanataja wachuruzi wa Butembo: mboga na maharagi yaliyoshuka mpaka Kisangani, kahawa na dhahabu, kontena kutoka Dubai na China. Hata wataalamu wa ngʼambo wameandika. Kitabu cha Janet MacGaffey kilichotoka mwaka 1987 kilionyesha ya kwamba huko Kisangani kulikuwa wachuruzi, na Wanande kati yao, waliojenga mali yao pasipo kupitia cheo cha siasa, wakati wakubwa wa Zaire walikuwa wanakula nchi tu. Tuliposoma habari ile tulifurahi, nani atakataa? Ni kweli vilevile ya kwamba Leta iliposhindwa, wachuruzi wa kwetu walichanga kwa ajili ya barabara na umeme. Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu 1966 mpaka 1997, aliwasukuma matajiri na maskini wafanye pamoja, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa Butembo.

Lakini tunarudilia sehemu ya sifa tu. Maharagi yale yalilimwa na nani? Bei ilipangwa na nani? Mama aliyeyabeba mgongoni toka shambani mpaka barabarani alipata nini? Na katika vita, kati ya 1999 na 2003, wakati RCD-K/ML ilipotawala kwetu, wachuruzi wakubwa walilipa ushuru mbele ya wakati, kisha mali yao ikapita mpakani kwa bei nafuu. Muchuruzi mdogo hakuweza kulipa mbele, kwa hiyo alilipa zaidi. Hilo si soko huru la kitabuni. Ni mkubwa na mkubwa wanasikilizana, na mdogo anaangalia.

Kumbe ubao wetu haukutosha. Tuangalie sasa mwaka mmoja tu, 1973, maana mwaka ule unatufundisha kuliko ubao. Sisi tulikuwa bado kuzaliwa, lakini matunda yake tunayala mpaka leo.

Zaire ya Mobutu ilikuwa na manifesto ya N'Sele tangu 1967. Ilisema nchi haitafuata kapitalismu wala komunismu, itafuata njia yake yenyewe. Baadaye wakaiita otantisite, kurudi kwenye mila ya wazee. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ya udongo: udongo wote ni mali ya Leta, mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Juu ya udongo wa mila, sheria ilisema ya kwamba Rais atatoa amri ya kuupanga. Amri ile watu waliingojea miaka na miaka. Na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianizasio: mashamba makubwa na maduka ya wageni yapewe Wazaire. Mwaka mmoja mbele, Idi Amin alikuwa amewafukuza Wahindi kule Uganda na kugawa maduka yao. Watu walipiga vigelegele. Lakini nani alipewa? Waliokuwa karibu na chama na jeshi, na wengine wenye bahati. Wengi waliuza vitu vilivyokuwa ndani, na duka lilipokuwa tupu walifunga mlango. Kufika 1976 serikali yenyewe ilikuwa inarudisha mali kwa wenyewe wa kwanza.

Katika mwezi ule ule wa Novemba 1973, Tanzania ilitangaza ya kwamba watu wote wa mashamba wakae katika vijiji kufika mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wengine nyumba zao zilichomwa. Hapa ilikuwa otantisite, kule ilikuwa ujamaa. Mobutu na Nyerere hawakuwa watu wa namna moja hata kidogo, na hatutaki kuwachanganya. Mmoja alijipatia majumba Ulaya, mwingine alistaafu 1985 na kurudi kijijini kwake Butiama. Lakini mkulima aliyekuwa na jembe mkononi, pande zote mbili za ziwa Tanganyika, alisikia neno moja: shamba lako limeamuliwa mahali pengine, na wewe hukuulizwa.

Ndiyo fundisho tunalotaka kutoa. Jina la mafundisho ya siasa halitoshi kutuambia kama watu wanaishi vizuri. Jina linaweza kuwa tamu na mtu akanyanyaswa chini yake. Tena jina «mila» ni moja kati ya majina hayo. Mobutu alijua hivyo, ndiyo sababu alichukua mila na kuivalisha abakosti.

Mfano mwingine uko ndani ya kalasi zetu wenyewe. Shule nyingi kwetu zinaitwa shule za Leta, ao za dini zenye mkataba na Leta. Kwa jina ni mali ya wote. Lakini tangu miaka ya 1990, Leta ilipoacha kulipa inavyofaa, ni wazazi waliolipa walimu. Mzazi aliuza mbuzi, aliuza viazi, kusudi mwalimu apate kula. Mwaka 2019 shule ya msingi ikatangazwa kuwa bure. Huku kwetu sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Na sisi tunaoandika tumeshika kreti mkononi kufundisha sosialismu, huku jina la mtoto ambaye hajalipa linasomwa mlangoni na anarudishwa nyumbani. Hatukukataa. Tulikuwa na watoto wetu pia wa kulisha. Lakini tulipomwona yule wa shamba la muhako akitoka na daftari yake, tuliona haya. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa mbuzi kwa shefu. Ya mwalimu haikubaki.

Sasa methali ya mgeni imerudi mlangoni petu, na safari hii si ya kitabuni. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa katika mashamba yao na vijijini mwao. Mwezi wa Juni 2024 vita vya M23 vilifika Kanyabayonga na kuingia kusini ya Lubero. Jamaa nyingi zimekimbia, zimekuja kukaa kwa ndugu Butembo, Lubero na vilima vya kandokando. Siku mbili tunawapokea vizuri, hilo Wayira wanalijua. Siku ya tatu tunawapa jembe. Halafu? Wanalimia wengine kwa bei ya siku moja, chakula cha siku moja. Kijana aliyeacha shamba la baba kwa kukimbia panga, leo anaomba udongo kwa mtu, na anaambiwa bei ambayo si muhako wala si hati ya Leta, ni pesa ya dola, pasipo shahidi. Kijana wa namna ile akikosa jembe na shamba, kuna watu porini wanaomngojea wampe bunduki. Hilo linajulikana.

Kwa hiyo shuleni tumebadilisha somo. Mstari wa ubao tunauchora bado, maana mtihani unauomba. Lakini chini yake tunaandika maulizo matatu, na wanafunzi wanayapeleka kwa kila utawala, kwa kila chama, hata kwa kilima chao wenyewe. La kwanza: udongo ni wa nani? La pili: nani anapima mavuno na kupanga bei? La tatu: anayepima, nani anaweza kumuuliza, na akimuuliza atabaki salama? Wanafunzi waliuliza ujamaa, waliuliza zairianizasio, waliuliza kampuni ya kahawa ya wakati wa Wabelgiji. Halafu wakauliza muhako. Wazazi fulani walikasirika, wakasema mwalimu anafundisha watoto kudharau mila. Tunawajibu hapa kwa heshima: mila inayoogopa maulizo imekwisha kuwa ya wachache.

Na mila yetu iko na jibu, ndiyo sababu hatutaki kuitupa. Muhako wa kweli ulikuwa na pande mbili. Aliyepokea mbuzi alikuwa na deni pia: kulinda, kusikiliza, kutouza udongo wa mtu anayelima juu yake. Shefu anayekula mbuzi leo na kesho kuuza kilima kwa tajiri mwenye karatasi, huyo hafuati mila ya wazee, wala si kapitalisti wa kitabuni. Amevunja ahadi. Hata katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu ao ya watu iliyopatikana kwa sheria ao kwa mila. Mwanafunzi wetu angekuwa na neno la kusema mbele ya yule bwana, kama baba yake angekuwa na ushahidi.

Hapo tunaomba chama chetu cha utamaduni jambo moja, si ngumu. Tumekusanya majina, ngoma na hadithi. Tukusanye pia desturi za udongo, sheferi kwa sheferi, kwa Baswagha, Batangi, Bamate, Bashu na wengine: nini kinatolewa, nini kinarudishwa, nani anashuhudia, mjane na binti wanapata nini. Na kila mbuzi anayetolewa aandikwe kwenye karatasi, na mashahidi wawili, jina la mwanamke likiwa pamoja na la mume. Wazee wakiona hiyo ni kuwadharau, watuambie sababu ndani ya ekyaghanda, tutasikiliza.

Mwanafunzi wetu alimaliza shule kwa taabu. Ulizo lake hatukulijibu siku ile, na hatutasema leo ya kwamba tumelijibu lote. Lakini sasa tunajua ya kwamba hakuwa nje ya somo. Somo ndilo lilikuwa nje ya shamba.