Kamba ya paa isikazwe kama zeze

Ukiigusa kamba ya usalama ikalia kama uzi wa zeze, ilegeze. Mafundi wengi hawapendi kuambiwa hivyo, maana jicho huiamini kamba iliyonyooka na kuishuku inayobembea. Lakini kamba inayolazwa kutoka ncha moja ya paa hadi nyingine, ili fundi atembee nayo akiwa amejifunga, si kamba ya kuanikia nguo. Siku mtu anapoanguka, uzito wake hugeuka kuwa mvuto wa pembeni kwenye nanga mbili za mwisho, pale kamba ilipofungwa, na kadiri kamba ilivyonyooka ndivyo mvuto huo unavyokuwa mkali.

Tuchukue kamba ya mita 12, na mtu wa kilo 80 ananing'inia katikati yake, ametulia kabisa. Kamba ikishuka sentimita 30 tu, kila nanga inavutwa kwa nguvu ya kilo 800 hivi, mara kumi ya uzito wake. Ikishuka sentimita 60, mvuto unakuwa kilo 400. Ikishuka mita 1.20, ni kilo 200 na kidogo. Na huyo bado hajaanguka, ananing'inia tu.

Anayeanguka ana hesabu nyingine. Kifyonza mshtuko, ule mfuko mdogo uliokunjwa kwenye kamba fupi inayounganisha mkanda wa fundi na kamba ya paa, hufumuka nyuzi zake taratibu ili mwili usikatwe na mkanda. Kwa kanuni ya Ulaya ya EN 355, nguvu inayomfikia mtu haipaswi kuzidi kilonyutoni 6, yaani kama kilo 600. Irudishe nguvu hiyo kwenye kamba yetu: ikishuka sentimita 30, nanga zinavutwa kwa tani 6, sentimita 60, tani 3, mita 1.20, tani moja na nusu. Waya wa chuma wa milimita 8 hukatika karibu na tani 3 na nusu. Kanuni za Marekani zinadai kamba ya aina hii ibebe angalau mara mbili ya nguvu inayotarajiwa. Kwa waya ule ule na mtu yule yule, ni mshuko wa mita 1.20 pekee unaofaulu.

Sasa tuipandishe hesabu hii juu ya paa la Kasongo, huko Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majengo marefu ya huko, madarasa, zahanati na majengo ya parokia, mengi ni ya matofali ya kuchoma, mara nyingi yaliyoshikanishwa kwa udongo, juu yake kenchi za mbao, papi za kupigiliwa bati, kisha mabati. Fundi anapotafuta pa kufunga, mkono wake huenda kwenye papi, kwa kuwa iko karibu. Papi imeshikwa kwa misumari miwili mitatu iliyopigiliwa ili kuzuia upepo usinyanyue bati. Ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba nao unaonekana imara, lakini matofali yake ya juu kabisa hayana kinachoyakandamiza. Ukiyavuta kwa pembeni kwa tani moja na nusu, yatamfuata fundi chini.

Kenchi yenyewe ni bora, ila kwa masharti. Imetengenezwa kubeba mzigo unaotoka juu, si kuvutwa ubavuni. Kenchi zisizofungwa mbao za mshazari hulala moja juu ya nyingine kama karata zikivutwa kwenye kilele. Ndiyo maana kamba haiishii kileleni. Kwenye kenchi ya mwisho inayofaa, waya mwingine huteremka kwa mshazari upande wa nje na kufungwa chini kabisa: kwenye nguzo ya zege, kwenye msingi, au kwenye shina la mwembe mnene kama upo kwenye kila mwisho wa nyumba.  Kwa kazi hii shina la mwembe linazidi kuta nyingi. Watu hufunga pia kwenye lori. Lori linafaa, mradi likabwe kwa mawe na ufunguo wake ukae mfukoni mwa msimamizi, maana dereva asiyejua kilicho juu ya paa anaweza kuliwasha na kuondoka. Na kabla ya chochote, kenchi igongwe kwa nyundo na kuchokolewa kwa ncha ya kisu. Mchwa hula ndani na kuacha ganda.

Jengo la madarasa matatu lina mita 24 hivi. Usilifunike kwa urefu mmoja. Tia mhimili katikati, kamba iwe vipande viwili vya mita 12. Fundi awe na kamba fupi mbili kwenye mkanda: anapofika kwenye mhimili anafunga ya pili upande wa mbele, ndipo anafungua ya kwanza.

Lakini kosa kubwa zaidi ninaloliona halitokani na waya: ni kutopima nafasi ya kuangukia. Tuipime. Kamba fupi yenye kifyonza mshtuko inaruhusiwa kufika mita 2. Kifyonza mshtuko kinaweza kurefuka hadi mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya mgongoni hadi nyayo ni mita 1.5. Kamba ya paa inashuka mita 1.20, kama katika hesabu yetu. Tia mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 7.45 chini ya kamba. Kilele cha darasa la kawaida kiko mita 5 kutoka ardhini, na ukingo wa paa mita 3. Fundi aliyevaa mkanda mzuri kabisa, wa gharama, atagonga ardhi kabla mkanda haujamaliza kazi yake. Kwenye kanisa refu la matofali hesabu inaweza kutosha. Kwenye darasa haitoshi hata kidogo.

Kwa hiyo kwenye mapaa ya chini kamba hii ifanye kazi nyingine: kumzuia mtu asifike ukingoni. Wapanda michikichi wanalijua jambo hili. Mkanda wao unauzunguka mgongo na shina, na kazi yake si kumdaka anayeanguka. Unamshika tangu mwanzo, nyayo zake zikisukuma shina na mgongo ukiegemea, mikono ikabaki huru kukata mkungu. Haungojei mtu aanguke kwanza.

Juu ya paa ni vivyo hivyo. Kamba ilazwe kwenye kilele, kamba fupi ipimwe na kufungwa ili mtu aishie kabla ya ukingo. Upana wa nyumba ukiwa mita 7, na paa likitokeza sentimita 60, mteremko una kama mita 4.5. Watu wawili waivute kamba ya kilele kuelekea ukingoni kwa nguvu zao zote, wapime imesogea kiasi gani. Ikiwa sentimita 60, zitolewe kwenye hesabu. Kamba fupi ya kuzuia tu, isiyo ya kudaka, ikiwa ya mita 2.5 itamfikisha mita 3.1, na mkono wake utazidi hapo kidogo. Misumari ya mstari wa mwisho haitafikiwa. Ipigwe kutoka chini, juu ya jukwaa au ngazi iliyofungwa. Kuna mafundi wanaoona hilo ni usumbufu, na hapo ndipo wanapofungua mkanda kwa dakika moja ya mwisho. Pande za mwisho za nyumba nazo zina ukingo wake. Kamba ikomee kabla ya kuufikia.

Mipira iliyokatwa kwenye tyubu za baiskeli hufunga mizigo mingi inayosafiri kati ya Kasongo na Kabambare, na hufunga vizuri. Isipande paani. Kamba ya katani iliyoloa na kukauka mara nyingi pia ibaki chini. Ukitumia waya, kila kitanzi kishikwe kwa klipu tatu, na tandiko la klipu likae upande wa waya unaobeba mzigo. Sehemu yenye umbo la U ikae kwenye mkia, ile ncha isiyobeba mzigo. Ukizigeuza, U inauponda waya unaobeba.

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa anaowaajiri. Kibarua wa siku tatu asiye na karatasi naye anaajiriwa, kwa hiyo bei ya waya na mkanda iandikwe kwenye hesabu ya mabati tangu mwanzo, kabla wenye jengo hawajapatana bei.

Mtu akianguka na kushikwa, muda unahesabiwa kwa dakika. Miguu inayoning'inia bila kusukuma kitu hukusanya damu, na anaweza kuzimia. Ngazi iwe imesimama tayari, na mtu aliye chini ajue ataiegemeza wapi. Na kamba iliyokwisha kumdaka mtu, hata kama inaonekana nzima, ikatwe vipande vya mita moja siku hiyo hiyo, vikafungie mbuzi, ili fundi wa kesho asiikute imekunjwa stoo.