Bibi Titi Mohamed: Mwimbaji au Kiongozi?

Katika maandishi mengi yahusuyo kupigania uhuru wa Tanganyika, Bibi Titi Mohamed husifiwa kwanza kwa sauti yake. Twaelezwa kwamba alikuwa mwimbaji hodari aliyewavutia watu mikutanoni. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini isipofafanuliwa humpunguzia hadhi, kwani humfanya mtumbuizaji wa siasa za watu wengine.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na masomo yake hayakupita shule ya msingi. Mwaka 1955, TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake, yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi wake. Hakuanza kwa kutafuta wenye vyeti. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao aliwafahamu vyema kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha Bomba. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiandikisha.

Mafanikio hayo hayaelezeki kwa uzuri wa sauti peke yake. Vikundi hivyo, ambavyo aghalabu vilidhaniwa kuwa vya starehe tu, vilikuwa na viongozi na michango, na viliwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali kwa lugha ya Kiswahili. Mwanamke aliyezoea kukusanya michango na kuwapatanisha wenzake hakuwa mgeni wa kazi ya chama. Susan Geiger, katika kitabu chake TANU Women cha mwaka 1997, alishikilia kwamba wanawake hawa hawakusubiri kufundishwa uzalendo na wanaume wasomi, bali waliujenga kwa utamaduni waliokuwa nao. Twaiona hoja hiyo kuwa ya haki.

Kasoro nyingine ya maandishi hayo ni kuikatiza habari yake mwaka 1961. Mwaka 1962 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa Bunge. Mwaka 1967 alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU, kwa kuwa hakukubaliana na Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Mwandishi anayeyaruka hayo humnyima msomaji nafasi ya kupima na kuamua mwenyewe.

Leo barabara kuu mojawapo ya Dar es Salaam ina jina lake. Heshima hiyo inamstahili, ila jina la barabara halimwelezi mwanafunzi jinsi kazi ilivyofanyika. Yatupasa walimu tuwahimize vijana wawaulize wazee wao: ni vikundi gani vya ngoma vilivyokuwapo hapa, nani aliviongoza, na nani alitunza michango? Hapo ndipo watakapoiona siasa ambayo vitabu vingi vimeiita burudani.