Jinsi zenoni ilivyong'olewa elektroni

Darasani gesi adimu humalizwa kwa sentensi moja: ganda la nje lina elektroni nane, limejaa, kwa hiyo atomu zake haziungani na chochote. Nusu ya kwanza ni kweli, ukiacha heli ambayo ganda lake hutosheka na elektroni mbili. Nusu ya pili iliporomoka jioni ya tarehe 23 Machi 1962, katika maabara ya Neil Bartlett, Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver. Bartlett hakuhitaji joto kali wala cheche za umeme. Alianza kwa kulinganisha namba mbili.

Alikuwa akichunguza platini heksafloraidi, yaani atomu moja ya platini iliyozungukwa na sita za florini. Mvuke wake ni mwekundu uliokolea, na una uchu wa elektroni usio wa kawaida. Bartlett alikuwa amegundua kwamba mvuke huo huing'oa elektroni hata molekuli ya oksijeni, jambo ambalo wanakemia wengi wasingelitarajia, maana oksijeni ndiyo iliyozoea kuchukua za wenzake. Kuing'oa molekuli hiyo elektroni moja kunahitaji nishati ya takribani elektronivolti 12.1. Alipotazama namba ya zenoni, mojawapo ya gesi adimu, akakuta karibu ileile: 12.1.

Kwa nini zenoni iwe rahisi hivyo wakati heli inadai 24.6? Jibu limo katika mpangilio wenyewe. Zenoni ina elektroni 54, zimepangwa 2, 8, 18, 18 na 8. Zile nane za mwisho ziko mbali na kiini, na kati yao na kiini kuna nyingine 46 zinazoupunguza mvuto wake. Ganda limejaa, lakini limeshikwa kwa mkono uliolegea. Neoni hudai 21.6, argoni 15.8, kriptoni 14.0. Wote hawa wana ganda lililojaa, ila uimara wao una bei tofauti, na darasani bei hiyo haitajwi. Hilo linanisikitisha, kwa sababu bei hiyo ndiyo inayomfanya mwanafunzi aelewe badala ya kukariri.

Basi Bartlett akaweka mvuke mwekundu upande mmoja wa chombo cha kioo na zenoni, isiyo na rangi, upande wa pili, kizuizi chembamba cha kioo kikizitenganisha. Alipokivunja, gesi zilikutana na papo hapo ikatokea yabisi ya rangi ya manjano iliyoelekea chungwa. Hapakuwa na moto chini ya chombo. Yote yalitendeka kwenye joto la kawaida la chumba.

Waliomtangulia hawakuwa wazembe. Henri Moissan alijaribu kuunganisha argoni na florini mwaka 1895, lakini zenoni ilikuwa haijagunduliwa, na argoni ni ngumu mno. Mwaka 1933 Linus Pauling alibashiri kwamba florini ingeweza kuungana na zenoni. Don Yost na Albert Kaye wa Caltech wakajaribu kwa umeme, wakatoka mikono mitupu. Kinachouma ni kwamba baadaye ilidhihirika kuwa zenoni na florini, zikifungiwa katika chombo kikavu cha kioo na kuanikwa juani, huungana zenyewe.

Bartlett aliandika mazao yake kama chumvi sahili: zenoni iliyopoteza elektroni moja, na platini heksafloraidi iliyoipokea. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa ni mchanganyiko, na ndani yake zenoni imeshikamana na florini. Hesabu yake hata hivyo ilikuwa imeshafungua njia. Mwaka huohuo wa 1962, Maabara ya Argonne nchini Marekani ilipasha moto zenoni na florini tupu hadi nyuzi 400 za Selsiasi na kupata fuwele za zenoni tetrafloraidi. Argoni, yenye bei ya 15.8, ilikaza hadi mwaka 2000, watafiti wa Helsinki walipoiunganisha na hidrojeni na florini katika baridi kali. Ukiipasha kupita takribani nyuzi -246, molekuli hiyo huvunjika.