Valvu na Kibuyu cha Mganda

Wachezaji wa ngoma ya mganda kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa hawapulizi vibuyu vyao kama tarumbeta, huviimbia. Kibuyu chenyewe hakina noti hata moja. Kimetobolewa, na tundu mojawapo limezibwa kwa utando wa buibui. Sauti ya mtu ikipita humo utando hutetemeka, na kinachotoka kina mkwaruzo na unene ambao koo peke yake halina. Sijamsikia mtazamaji wa Liuli wala Mbamba Bay akilalamika kwamba kibuyu kimeharibu sauti ya mwimbaji. Kazi yake ndiyo hiyo.

Nimeanza na kibuyu kwa sababu ubishi juu ya amplifaya za valvu huendeshwa kwa vipimo, na kwa vipimo valvu ilishindwa zamani. Amplifaya ya transista ya bei ya kawaida ina wati nyingi zaidi, haichemki, na inapotosha sauti kidogo mno. Anayetoa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya valvu hanunui usafi. Ananunua kinachoongezwa, na ufundi wote uko katika kujua kiongezwe nini na kwa kiasi gani. Valvu moja ya aina ya triodi ikipewa kazi nzito kidogo, huongeza hasa oktava ya juu ya noti inayopigwa, na sikio huipokea kama sehemu ya noti yenyewe.

Ndani ya valvu, ambayo ni kioo kilichoondolewa hewa, kathodi hupashwa moto hadi itoe elektroni, nazo hukimbilia anodi. Mwaka 1906 Lee de Forest aliweka waya mwembamba kati ya hizo mbili, gridi, na tangu hapo umeme mdogo ukaweza kuutawala mkubwa. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, kampuni za santuri zilikwisha kuhamia kwenye maikrofoni na valvu. Redio zilizouzwa Rhodesia ya Kaskazini kuanzia 1949, zile zilizofungwa ndani ya umbo la sufuria la kampuni ya Ever Ready, zilikuwa za valvu pia, zikila betri kavu. Muziki wa wazee wetu ulizoea njia hii kabla hatujazaliwa.

Sasa tulinganishe amplifaya zenyewe. Quad II ya Peter Walker, iliyotoka Uingereza mwaka 1953, hutumia valvu mbili za KT66 zinazosukuma na kuvuta kwa zamu, na kutoa wati 15. McIntosh MC275 ya Marekani, ya mwaka 1961, hutoa wati 75 kila upande kwa KT88; hiyo haiogopi spika yoyote. Halafu kuna shule ya valvu moja tu kila upande, mara nyingi 300B ya Western Electric, ambayo hutoa kama wati 8 na kudai spika nyepesi kuitika. Spika yenye wepesi wa desibeli 86 huhitaji nguvu mara 16 kuliko ya desibeli 98 ili zilie sawa. Kwa hiyo anayekuuzia 300B bila kukuuliza una spika gani hakutakii mema.

Lakini valvu hubadilishwa kwa dakika moja. Ninachokistahi mimi ni transfoma ya kutokea, inayounganisha valvu na spika. Valvu inataka kuona omu 5,000, spika ina omu 8. Hivyo mizunguko ya upande wa valvu lazima izidi ya upande wa spika mara 25. Hesabu hiyo ni rahisi, ila waya ni mbishi. Besi inataka mizunguko mingi na chuma kikubwa. Sauti nyembamba zinataka kinyume chake: mizunguko michache iliyokaribiana. Fundi hupatanisha madai hayo kwa kupishanisha matabaka, waya wa valvu, karatasi, waya wa spika, karatasi tena, akishika mvuto uleule wa mkono kwa maelfu ya mizunguko. Tabaka moja likilegea, kosa limefunikwa na matabaka yote yanayofuata. Mjapani Hiroyasu Kondo alifika mahali pa kutumia waya wa fedha katika transfoma za amplifaya yake ya Ongaku, jambo ambalo naliona limepita kiasi. Mtu anayesuka upya mota ya mashine ya kusaga hapa Mbinga ana nusu ya ufundi huu mikononi tayari, kwa shaba ya kawaida.

Priamplifaya, inayotangulia amplifaya, ni kazi ya namna nyingine, ya ukimya. Sindano ya santuri hutoa milivolti 5 hivi, na chochote kitakachoingia hapo, hata mvumo wa umeme wa hezi 50, kitakuzwa pamoja na wimbo. Marantz 7 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 iliweka valvu sita za ECC83 katika kazi hiyo, na mpangilio wake unaigwa hadi leo. Valvu ya kwanza ndiyo ya kuchaguliwa kwa uangalifu: iguse kidogo kwa ncha ya penseli, na ikilia kwa nguvu spikani, iweke kando. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja kizuri, na husikilizi santuri, priamplifaya ya valvu haina haraka.

Kwa sebule ya Mbinga ningechagua amplifaya ya EL34 mbili kila upande, yenye transfoma nzito. Valvu hizo bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, wati zake zinatosha, na spika za kawaida zinaitika. Hakikisha imeundwa kwa volti 230. Ya Japani ni ya 100, ya Marekani 120. Nunua stebilaiza pamoja nayo, maana volti zikipanda, nyuzi za kupasha moto huumia. Na usifungue kifuniko hata kama umezima: kapasita huhifadhi mamia ya volti, za kutosha kuua. Mwachie fundi anayejua kuzitoa.