Hakuna Printa: Juu ya Ujumbe wa Hitilafu na Nani Ausemaye

"Hakuna printa iliyosakinishwa." Sentensi hii huonekana siku hizi katika mifumo ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na sarufi yake haina dosari. Upatanisho wa ngeli ni sawa, kitenzi kimechaguliwa vema, na neno printa limekwisha kukubalika. Walakini twathubutu kusema kuwa ni tafsiri mbaya, na ubaya wake ni wa aina ipitayo kwa urahisi mbele ya macho ya mhakiki wa istilahi.

Tumfikirie karani wa stakabadhi. Printa i mezani pake, taa yake yawaka, na asubuhi hiyo hiyo imechapa barua. Anafungua mfumo wa malipo katika kivinjari, anabonyeza "Chapa", kisha anaambiwa kwamba hakuna printa. Ataisakinisha upya mara mbili, mara tatu, na mlipaji yu dirishani anangoja. Kumbe printa yake siyo inayozungumzwa. Mfumo wa aina hii haufanyii kazi yake katika kompyuta ya karani. Huifanyia katika seva, ambayo pengine i mji mwingine, na seva ndiyo iliyotafuta printa ikaikosa. Tena haikutafuta kwa idhini ya karani. Programu ya wavuti huendeshwa kwa akaunti maalumu ya huduma, na katika Windows printa za mtandao aghalabu huunganishwa kwa kila akaunti peke yake. Fundi aliyeitunga programu aliijaribu katika kompyuta yake, kwa akaunti yake, ikachapa bila taabu. Ilipohamishiwa kwenye seva haikuona kitu. Basi ujumbe ni wa kweli kwa ausemaye na ni uongo kwa ausomaye.

Mfasiri atajitetea kwamba Kiingereza nacho hakimtaji msemaji. Ni kweli, lakini hatuoni sababu ya kurithi ila ya matini ya asili pale lugha yetu inapotuwezesha kuiepuka. "Seva haioni printa yoyote" ni maneno manne, nayo yatosha kumwondoa karani kwenye waya zake na kumpeleka kwa msimamizi wa seva. Taabu ni kwamba mfasiri hupewa orodha ya sentensi zilizokatwa vipande, pasipo kuonyeshwa ni mashine ipi inenayo wala kwa nani. Asiyeuliza hilo kwa watunzi wa programu hawezi kutafsiri ujumbe wa hitilafu, hata awe bingwa wa msamiati.

Ujumbe wa pili ulio mbaya zaidi ni "Printa iko nje ya mtandao." Hapa mfasiri ameongeza kosa lake mwenyewe. Istilahi ya Kiingereza iliyotafsiriwa hivyo ilitumika tangu printa zilipofungwa kwa waya kwenye kompyuta moja tu: palikuwa na kitufe, na kilipobonyezwa printa iliacha kupokea kazi. Jambo lenyewe lilikuwa ni utayari. Leo msomaji wa kawaida akisikia mtandao hufahamu intaneti. Basi atauliza kama ada ya intaneti imelipwa, ilhali printa ya ofisini hufikiwa kwa anwani yake katika mtandao wa ndani, intaneti iwepo au isiwepo. Huenda printa imezimwa. Huenda imepewa anwani mpya, na seva bado yabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Huenda hata ni nzima kabisa, ila Windows imeiuliza hali yake kwa itifaki ya SNMP isijibiwe, ikaihesabu kuwa haipo. Kwa yote matatu twapendekeza "Printa haiitiki", maana hilo ndilo pekee ambalo seva inalijua kwa hakika.

Juu ya "kosa" hatutasema mengi. Neno hilo humfanya mtumishi ahisi kuwa ameshtakiwa, "hitilafu" yatosha.

Lililo jema tulisifu: "foleni ya uchapaji" ni istilahi nzuri, kwani kila mtu amepata kupanga foleni na anajua kwamba aliye mbele akikwama wote hukwama. Yasikitisha basi kwamba mfumo huo huo, kazi inapoingia katika foleni ya seva, humwambia karani "Imechapwa." Haijachapwa. Karani asiyeona karatasi hubonyeza tena na tena, na foleni ikifunguliwa hutoka stakabadhi tano za malipo mamoja. Mkaguzi wa hesabu hatauliza habari za tafsiri. Hapa istilahi hutegemea ufundi: itifaki ya IPP, ipitayo kwenye mlango 631, ina njia ya kurudisha habari za kila kazi, ama mlango 9100 aghalabu hupokea data tu pasipo kusema iliishia wapi. Kwa hiyo mfasiri na aulize njia inayotumika. Ikiwa ni hiyo ya pili, aandike "Imewekwa kwenye foleni", na neno "imechapwa" aliache nje ya mfumo.