Sifa Bila Njia: Tahakiki ya Namna Tunavyoeneza Mafanikio ya Shehia

Katika utumishi wa serikali za mitaa kisiwani Pemba, tatizo letu la msingi si uhaba wa mifano mizuri. Mifano ipo, tangu Mkoani hadi Micheweni. Tatizo ni kwamba tumezoea kuyapongeza mafanikio bila kuyachambua, na jambo lisilochambuliwa haliwezi kufundishwa.

Tuchukue mfano wa Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani. Katika miaka ya 2010 wavuvi wa huko, kupitia kamati yao ya uvuvi ya shehia, walifunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue. Utaratibu wa namna hiyo ulikuwa umeanzishwa na wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Msingi wake ni wa kimaumbile: pweza haishi miaka mingi, lakini hukua upesi sana. Kwa hiyo miezi michache ya subira huleta faida ambayo mvuvi huiona kwa macho yake mwenyewe.

Lakini sisi huusimulia vipi mfano huu? Tunasema: walifunga mwamba, wakapata pweza wakubwa. Basi. Yaliyo muhimu zaidi tunayaacha. Nani aliamua mipaka? Mama anayetafuta pweza kwa miguu maji yanapokupwa, alikula nini mwamba ulipofungwa? Wavuvi wa dago kutoka shehia nyingine walishirikishwa? Aliyevunja amri alihukumiwa na nani? Shehia itakayoiga tarehe za kufunga bila kuyajibu maswali haya itavuna ugomvi, na mzigo utawaangukia wale wasio na chombo wala akiba.

Chanzo cha kasoro hii kimo katika muundo wa kazi zetu. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na taarifa yake hupanda juu, wilayani na mkoani. Ni nadra kwenda kwa shehia jirani. Taarifa inayopanda hupenda idadi na huficha migongano. Mbio za Mwenge nazo, tangu mwaka 1964, zimefikishwa kwenye miradi mingi: jiwe la msingi huwekwa, risala husomwa, msafara huondoka. Hatubezi heshima hiyo, kwani huwatia watu moyo. Lakini risala si somo. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi makada tujikosoe: mara nyingi risala hizo tunaziandika sisi.

Historia yetu inayo njia iliyo bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania Bara, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kuondoa mazalio ya mbu. Maarifa hayakuishia kwenye hotuba. Yalipitia katika mjadala wa watu wenyewe, yakawa kazi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila taarifa ya mafanikio ieleze pia makosa yaliyofanyika, mabishano yaliyotokea, na namna yalivyomalizwa. Pili, wanaopelekwa kujifunza wawe mvuvi na mama wa pwani, si ofisa peke yake, na wakirudi wawajibike kuwaeleza wenzao katika mkutano wa shehia. Tatu, shehia inayosifiwa ipimwe baada ya mwaka kwa hali ya shehia zilizojifunza kwake, siyo kwa vyeti ilivyotundika ukutani.

Makada na wanafunzi waanze na shehia wanazoishi. Wachague huduma moja inayosifiwa, wakae na wanaoitumia, waulize ni nani aliyebeba gharama yake. Majibu yao ndiyo yaandikwe na kupelekwa kwa shehia ya pili.